Gari ya kabureta ikizima njiani: Jua kwanza kama ina njaa ya mafuta au imezidiwa

Magari ya kabureta hayajaisha barabarani. Corolla za miaka ya 1980 zenye injini ya 4K bado zinapeleka watu kazini, pick-up za Peugeot 504 na Datsun bado zinabeba mizigo, na Land Rover za zamani bado zinaingia vijijini ambako gari mpya hazitaki kwenda. Shida ni kwamba mafundi wanaozijua vizuri wanapungua, na vijana wengi wa gereji wamejifunzia kwenye EFI.

Matokeo yake, gari ikizima jibu ni moja: "Kabureta imekufa, nunua nyingine." Mwenye gari anatoa hela, kabureta ya mtumba inafungwa, na baada ya siku tatu gari inazima tena palepale. Kumbe kilichoziba ni filta, au kinachovuja ni sindano ndogo isiyozidi urefu wa kiungo cha kidole.

Filta iliyoziba na kabureta inayofurika ni magonjwa mawili yaliyo kinyume kabisa. La kwanza ni njaa: injini haipati mafuta. La pili ni kuvimbiwa: inapata mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Lakini kwa dereva aliyesimama pembeni ya barabara yanafanana sana, kwa sababu yote mawili yanaishia kwenye starta inayozunguka bila injini kuwaka. Dawa ya moja ikitumika kwa lingine, hali inaharibika zaidi.

Safari ya mafuta ni fupi

Mafuta yanatoka kwenye tangi, yanapita kwenye bomba refu chini ya gari, yanafika kwenye filta, kisha pampu. Kwenye gari nyingi za aina hii pampu imefungwa ubavuni mwa injini na inasukumwa na kemshafti. Baadhi ya gari zina filta kabla ya pampu, nyingine baada yake. Kutoka hapo yanaingia kwenye kabureta.

Ndani ya kabureta kuna chemba ndogo yenye floti, yaani boya. Mafuta yakijaa, floti inapanda na kusukuma sindano iliyo juu yake, sindano inaziba tundu la kuingilia. Injini ikinywa, floti inashuka, tundu linafunguka. Ni mtindo uleule wa boya la tangi la choo. Na kama tangi la choo, uchafu mdogo ukikaa kwenye kikalio cha sindano, maji hayakomi kuingia.

Hapo ndipo magonjwa haya mawili yanapokutana. Filta ikikamata uchafu mpaka ikajaa, gari inapata njaa. Filta ikitolewa au ikipasuka, uchafu uleule unakwenda kukaa chini ya sindano na gari inafurika. Ile tabia ya kumwambia mteja "filta inakusumbua bure, ngoja tuitoe tuunganishe mpira moja kwa moja" inatibu njaa kwa saa chache na kuleta mafuriko ya wiki nzima.

Kipimo cha dakika moja

Kabla ya kufungua chochote, zima swichi, ondoa kisafisha hewa kilichoko juu ya kabureta, fungua choki kwa kidole kama imefunga, kisha angalia kwenye koo la kabureta. Vuta waya wa mafuta kwa mkono mara moja. Anayeangalia asiinamishe uso juu yake, na asiwepo mtu mwenye sigara karibu.

Kama kamrija ka petroli kanaruka ndani kila unapovuta, kuna mafuta kwenye chemba. Kwa sasa njaa siyo tatizo. Kama hakuna kitu, pakavu kabisa hata ukivuta mara tatu, chemba ni tupu, na safari inarudi nyuma kwenye filta, pampu na tangi. Mara chache inatokea pampu ndogo ya ndani ya kabureta imekufa na chemba ina mafuta, ila mwenye gari hiyo huwa anajua, kwa sababu kila akikanyaga ghafla gari inasita kwanza.

Kama petroli inadondoka yenyewe kwenye koo bila mtu kuvuta waya, au kuta za ndani zimelowa na harufu ni kali, hayo ni mafuriko.

Plagi nazo zinasema. Plagi kavu kwenye injini iliyopigiwa starta muda mrefu inaashiria njaa, na iliyolowa petroli inaashiria kuzidiwa. Ila hapa tahadhari inahitajika: injini isiyo na moto wa umeme nayo hulowesha plagi, maana mafuta yanaingia na hayaungui. Pointi za distributa zikiungua au kondensa ikifa, kabureta itasingiziwa bure. Moto wa plagi ukaguliwe, lakini jaribio hilo lisifanyike mahali ambapo petroli imemwagika.

Gari yenye njaa

Dalili ya filta iliyoziba ina tabia yake. Asubuhi gari inawaka vizuri. Silensa imetulia. Mjini kwenye foleni haina neno. Ukishika barabara kuu, ukaanza kupanda mlima kama Kitonga au kulipita lori kwa kasi, inaanza kushtuka, nguvu inakata, inazima. Dereva anakaa dakika tano akilaumu, anapiga starta, inawaka kama haijawahi kuumwa. Anatembea kidogo, inazima tena.

Sababu ni kwamba silensa inahitaji mafuta kidogo, na filta iliyoziba nusu bado inaweza kuyapitisha. Mlima unahitaji mengi. Chemba inakauka haraka kuliko inavyojazwa, na zile dakika tano za kupumzika na kupiga starta ndizo zinazoijaza tena.

Kabla ya kununua filta, fungua mfuniko wa tangi mara tu gari inapozima. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu, "fyuuu", tundu la kupumulia limeziba na tangi linagoma kuachia mafuta. Kuna watu wamebadilisha pampu mbili kwa ajili ya mfuniko wa tangi uliookotwa kwenye gari nyingine.

Kama mfuniko ni mzima, ng'oa waya mwembamba wa koili ili pasiwe na moto, chomoa mpira wa mafuta unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, na mtu apige starta kwa sekunde chache. Mafuta yanatakiwa kutoka kwa kuruka, mapigo yaliyojaa, yanayofuatana na mzunguko wa injini. Yakitoka kwa kudondoka au yakiwa na mapovu mengi, kuna kasoro nyuma.

Funga filta mpya, rudia. Bado dhaifu? Chukua kipande cha mpira safi, toa mafuta kwenye dumu dogo moja kwa moja mpaka kwenye pampu. Yakitoka kwa nguvu sasa, pampu ni nzima na kosa liko kwenye tangi au bomba. Yakibaki dhaifu, pampu imechoka. Mapovu yanayoendelea yanaonyesha kuna mpira uliopasuka upande wa kuvutia. Mpira wa namna hiyo hauvujishi petroli nje hata tone, unavuta hewa tu, na ndiyo maana unawachosha mafundi.

Kitu kimoja kinachowatisha watu bila sababu: filta ya plastiki inayoonekana kuwa nusu tupu. Kwenye pampu ya injini hilo ni la kawaida. Hewa kidogo hukaa juu, mafuta yanapita chini, gari inakwenda. Cha kuangalia ni kama yanatembea, siyo kama filta imejaa.

Filta ya zamani isitupwe kabla haijahojiwa. Igeuze na umwage kilichomo kwenye bakuli jeupe kupitia tundu la kuingilia. Unga wa rangi ya kutu unatoka kwenye tangi linaloliwa. Vipande vyeusi laini vinatoka kwenye mipira ya mafuta inayooza kwa ndani. Matone yanayotulia chini na kukataa kuchanganyika ni maji. Kwa njia hiyo mwenye gari anajua kama filta mpya itadumu miezi au siku.

Unapofunga mpya, mshale uelekee kwenye kabureta. Klempu zikazwe pande zote mbili, na filta ikae mbali na eksozi. Kabureta nyingi za Kijapani zina pia kichujio kidogo cha wavu pale mafuta yanapoingilia, chini ya nati kubwa. Hicho husahaulika. Gari inabadilishiwa filta, pampu na mipira yote, na kale kawavu kamejaa tope.

Filta ina mipaka yake. Inakamata takataka. Haitoi mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli. Tanzania, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji huo, lakini petroli ya kwenye chupa pembeni ya barabara haina wa kuithibitisha. Gari iliyoanza kugonga na kutoa moshi mara tu baada ya kujazwa ichunguzwe mafuta yenyewe kwanza.

Na hakuna sababu ya kuvuta petroli kwa mdomo. Ikipenyeza kwenye mapafu hata kidogo inaweza kuyaunguza vibaya, na mtu anaweza kuonekana mzima kwanza kisha akazidiwa baadaye. Aliyemeza asitapishwe, maana kutapika kunaipeleka mapafuni. Apelekwe hospitali.

Gari iliyozidiwa

Hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya Makete, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la gereji au chini ya gari. Kabureta inayodondosha petroli juu ya manifoldi ya moto haitakiwi kupigiwa starta hata mara moja.

Kama imelewa mafuta tu na hakuna kinachodondoka nje, acha boneti wazi dakika 10 hadi 15. Rudisha kisafisha hewa mahali pake, kwa sababu injini ikipiga chafya kupitia kabureta kifuniko hicho kinazuia moto kutoka nje. Hakikisha choki imefunguka. Kisha kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapohapo, piga starta kwa sekunde zisizozidi 10, pumzika, rudia.

Ishikilie, usiipampu. Kila mkanyago unarusha petroli nyingine ndani. Pedeli ikiwa chini na kutulia inafungua mlango wa hewa wote, na hewa hiyo ndiyo inayokausha mitungi. Wengi hufanya kinyume, wanapampu kwa hasira mpaka betri inaisha.

Ikiwaka, ikatoa moshi mweusi kidogo kisha ikatulia na tatizo lisirudi, mkosaji alikuwa mguu wa dereva au choki. Ikifurika tena kesho yake, kabureta ifunguliwe.

Wenye Corolla za injini ya K wana bahati, kabureta zao za Aisan zina kidirisha cha kioo ubavuni. Injini ikiwa inaunguruma kwenye sehemu tambarare, mafuta yaonekane karibu na alama ya katikati. Yakiwa juu ya kioo, sindano haifungi. Kabla ya kutoa bisibisi, gonga taratibu ubavu wa chemba kwa mpini wake. Wakati mwingine chembe iliyokwama inaachia na kiwango kinashuka chenyewe. Hiyo ni huduma ya kufikia nyumbani, matengenezo yenyewe bado yako palepale.

Ukifungua, toa sindano na uitazame kwenye mwanga. Ncha ikiwa na mduara uliochimbika, haiwezi kuziba tena, ibadilishwe pamoja na kikalio chake. Kuipiga msasa hakusaidii. Washa ya kikalio nayo iangaliwe, maana ikikosekana mafuta yanapita pembeni hata sindano ikiwa mpya.

Floti itikise karibu na sikio. Ya shaba ikisikika na mafuta ndani, imetoboka na imeanza kuzama. Ukiitumbukiza kwenye maji ya moto, mapovu yataonyesha tundu lilipo. Kuichomelea risasi ikiwa na petroli ndani ni kutafuta mlipuko. Nunua nyingine.

Kimo cha floti kipimwe kwa kipimo cha kabureta hiyohiyo, siyo kwa jicho wala kwa kumbukumbu ya gari nyingine. Milimita moja au mbili zinatosha kuharibu. Baada ya kurekebisha, geuza kifuniko juu chini ili floti ikae kwa uzito wake, kisha puliza kidogo kwa mpira safi mahali mafuta yanapoingilia. Hewa isipite. Inyanyue floti, hewa ipite.

Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Waya hautakiwi, unapanua tundu lililopimwa kiwandani na gari inaanza kunywa mafuta kwa maisha yake yote yaliyobaki. Na hewa ya kompresa isipulizwe kabla floti haijatolewa, itaibonyeza.

Kuna mafuriko ambayo hayatoki kwenye kabureta kabisa. Pampu ya zamani ikifa, baadhi ya watu hufunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari ya EFI. Kabureta inahitaji presha ya psi 3 hadi 5 hivi. Pampu ya EFI inasukuma psi 40 au zaidi. Hakuna sindano ya floti inayoweza kushindana na hiyo. Hata pampu ya umeme ya presha ndogo inatakiwa ifungwe na swichi ya kuikata injini inapozima, vinginevyo gari ikipata ajali itaendelea kusukuma petroli kwenye bomba lililokatika.

Nyingine ni joto. Gari imetoka safari, imezimwa dakika 15 juani Dar es Salaam au Mombasa, kisha inagoma kuwaka na harufu ya petroli imetawala. Ikipoa kabisa inawaka. Joto la injini limechemsha mafuta ndani ya chemba yakamwagikia kooni. Angalia kama kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifoldi bado kipo. Kazi yake ni kuzuia joto lisipande. Kikivunjika, mafundi wengine huweka gasketi ya karatasi tu na kuendelea, na tatizo linaanzia hapo. Wakati dawa inatafutwa, kuiwasha ni kwa mtindo uleule wa pedeli chini na kutulia.

Dipstiki kabla ya ufunguo

Gari yoyote iliyofurika sana, vuta dipstiki. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, imekuwa nyepesi kama maji na inanuka petroli, isiwashwe. Petroli imeshuka kwenye sampu, aidha kupitia mitungi au kupitia diaframu ya pampu iliyochanika. Oili ya namna hiyo hailindi beringi, na gharama ya kurudia injini haifanani kabisa na bei ya sindano. Oili imwagwe yote, filta ya oili ibadilishwe, na aliyevujisha apatikane kwanza kabla ya kuweka mpya.

Diaframu iliyochanika inaweza kufanya yote mawili kwa pamoja: inainyima kabureta mafuta na kuyamwaga kwenye oili. Fundi anayeona gari yenye njaa na oili inayonuka petroli aanze na pampu.

Baada ya kufunga kila kitu, injini iwashwe na iachwe iungurume kwa dakika kadhaa huku mtu akipitisha tochi kwenye kila klempu. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, siyo ndoo ya maji. Maji yanatawanya petroli inayowaka.

Filta mpya ikaguliwe baada ya wiki. Ikiwa imeshakuwa ya kahawia, tangi lishushwe lioshwe. Kama limetoboka na linahitaji kuchomelewa, lisichomelewe na mtu yeyote anayesema "halina kitu, ni tupu". Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Lipelekwe kwa mwenye utaratibu wa kulitoa mvuke kwanza, au litafutwe lingine.